Kaa nyuma kwanza: kulinganisha nafasi na siti za sedani na wagoni kabla hujalipa

Mnunuzi akifika yadi ya magari hapa Dodoma hufungua boneti, huwasha injini, husikiliza, kisha hukaa kwenye usukani. Siti ya nyuma anaichungulia tu kupitia kioo. Gari linanunuliwa, Desemba inafika, na watu watatu wanabanana humo nyuma kwa kilomita zipatazo 450 hadi Dar es Salaam, au zaidi ya 500 hadi Moshi kwa njia ya Kondoa, Babati na Arusha. Hao ndio watakaolijua gari kuliko mwenye nalo, na siku ya kununua hakuna aliyewauliza.

Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu anayesafiri peke yake na begi moja hana sababu kubwa ya kujichosha barabarani. Gari la nyumbani limebaki na kazi ya familia nzima: bibi anayepelekwa hospitali, mtoto anayerudi bweni, mafuta ya alizeti kutoka Singida, mahindi kutoka Kibaigwa. Kwa kazi hiyo swali ni lile lile kila mara: tuchukue sedani au wagoni? Sedani ni gari ambalo buti lake limetengwa na chumba cha abiria. Wagoni ni lile ambalo paa linakwenda hadi mlango wa nyuma, buti na chumba vikiwa kitu kimoja: nazungumzia Fielder, Legacy, Caldina, Wingroad na wenzake, siyo Land Cruiser za ofisini.

Msimamo wangu nautoa mapema ili uupime mwenyewe hatua kwa hatua. Wagoni haimwongezei abiria nafasi kama wengi wanavyodhani, inauongezea mzigo. Nafasi ya magoti inatokana zaidi na urefu kati ya tairi za mbele na za nyuma, na starehe inatokana na siti yenyewe. Vyote viwili vinaweza kuwa bora kwenye sedani iliyoegeshwa pembeni yake hapo hapo yadini.

Hatua ya 1: Andika nani anakaa wapi

Kabla ya kwenda yadi, chukua karatasi. Andika watu watakaokuwa ndani ya gari katika safari ndefu zaidi ya mwaka, nani mrefu, nani ana magoti au mgongo unaosumbua, mtoto yupi anahitaji kiti chake. Chini yake andika mizigo mitatu: ulio mkubwa kuliko yote, ulio mrefu kuliko yote, na ulio mchafu kuliko yote.

Kuwa mkweli kuhusu mara ngapi. Godoro linalosafirishwa mara moja kwa mwaka halitoshi kukuchagulia gari. Kirikuu kinakodishwa na kazi inaisha. Lakini kama kila mwezi unatoka Mpwapwa au Manyoni na ndoo za mafuta, kuku na magunia, basi mzigo ni abiria wa kudumu, na lazima apewe nafasi yake kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Linganisha ndugu kwa ndugu

Kosa linalovuruga hesabu ni kuweka Fielder upande mmoja na Mark X upande mwingine, halafu kusema sedani ni pana au wagoni ni finyu. Anza na magari ya familia moja, ndipo utaona umbo lenyewe limebadilisha nini.

Corolla Axio na Corolla Fielder ni mfano mzuri kwa sababu zote mbili zimejaa mjini. Urefu kati ya tairi za mbele na za nyuma ni milimita 2,600 kwa zote mbili. Fielder imeinuka kwa sentimita chache tu kuliko Axio. Anayekaa nyuma ana karibu nafasi ile ile ya magoti. Kilichobadilika ni kuanzia mgongoni mwake kwenda nyuma. Subaru Legacy nayo ni hivyo hivyo: sedani na wagoni za 2003 hadi 2009 zina milimita 2,670, na zilizofuata kuanzia 2009 zina 2,750, sedani kwa wagoni.

Sasa ziweke pembeni Premio na Allion. Hizi ni sedani tupu, lakini kuanzia zile za 2001 zina milimita 2,700. Ni sentimita 10 zaidi ya Fielder, na tofauti hiyo abiria wa nyuma anaisikia magotini. Kwa hiyo anayeacha Premio na kuchukua Fielder "ili familia ikae vizuri" huenda amewapunguzia familia na kuyaongezea mabegi.

Upana nao una siri yake. Japani ina daraja la magari madogo ya abiria ambalo haliruhusu gari kuzidi mita 1.70 kwa upana na mita 4.70 kwa urefu. Ndiyo maana Axio, Fielder, Premio na Allion zilizouzwa huko zote zina upana wa milimita 1,695. Watu wazima watatu wakigusana mabega kwenye Axio, watagusana vile vile kwenye Fielder. Ukitaka mabega yapumue, toka kwenye daraja hilo: Legacy ya kuanzia 2009, au Mark X. Ila Mark X inasukumwa na tairi za nyuma, hivyo propela shafti inapita katikati ya sakafu na kuacha nundu ndefu. Upana umeupata, abiria wa katikati hana pa kuweka miguu. Subaru inayovuta tairi zote nne ina nundu hiyo pia.

Hatua ya 3: Kaa nyuma yako mwenyewe

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda. Ifanye kwa kila gari, na usione aibu muuzaji akikutazama.

Anza kwenye kiti cha dereva. Mara nyingi utakikuta kimesogezwa mbele kabisa, na nyuma panaonekana papana kama sebule. Kirudishe unavyoendesha kweli: ukikanyaga breki mpaka chini, goti libaki limekunjika kidogo. Shuka bila kukigusa tena, fungua mlango wa nyuma, ukae moja kwa moja nyuma yake, mgongo umegusa siti kikamilifu.

Angalia magoti. Ngumi yako ipite kati ya goti na siti ya mbele. Vikipita vidole vilivyolala bapa tu, mtu mzima ataweza kwenda Chamwino na kurudi, Dar es Salaam ataifika amechoka vibaya. Kisha nyayo: zisukume chini ya siti ya mbele. Kuna magari ambayo dereva akishusha siti yake, vidole vya miguu vya aliye nyuma vinagonga chuma, na safari nzima anakaa ameikunja miguu upande.

Paja ndilo linalosahaulika, nami nadhani ndilo linaloamua. Siti ya nyuma ikiwa chini mno au fupi, magoti yanapanda juu, paja linaning'inia, na uzito wote unabaki kwenye makalio. Kwa dakika kumi za kujaribu gari mjini hutasikia kitu. Ukifika Gairo abiria anaanza kujigeuza kila baada ya kilomita chache, na watoto ndipo wanapoanza kulia bila sababu unayoiona. Pima hivi: ukiwa umekaa, pitisha kiganja chini ya paja karibu na goti. Kiganja kikipita kwa ulegevu bila kugusa siti wala paja, siti hiyo haikubebi. Wazee wasaidie kupima wenyewe, kwa sababu mwenye umri wa miaka 30 anavumilia kila kitu.

Halafu kichwa. Laza kiganja kati ya utosi na dari. Hapa wagoni ina haki yake: paa la sedani linaanza kushuka pale pale juu ya abiria wa nyuma ili likutane na kioo, wakati paa la wagoni linakwenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. Tofauti ni sentimita chache, lakini kwa mtu mwenye futi 6 hizo ndizo zinazomruhusu kukaa wima badala ya kuinamisha shingo kila gari linaporuka tuta. Nyumba yenye vijana warefu ina sababu ya kweli ya kuchagua wagoni, na sababu hiyo ni kichwa, siyo magoti.

Mwisho kaa katikati. Siti ya katikati karibu daima ni ngumu kuliko za pembeni, hasa kama mgongo wake unashuka na kuwa pa kuegemeza mkono. Angalia mkanda wake: magari mengi ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu hapo. Kama watatu ndio idadi yenu ya kawaida, nenda yadi mkiwa watatu, kaeni nyuma milango imefungwa, ongeeni dakika kumi. Na kama una kiti cha mtoto, kibebe ukakifunge pale pale. Vingine vinasukuma siti ya mbele hadi abiria wa mbele anakosa pa kuweka magoti.

Kuhusu kupanda na kushuka, niseme wazi: wagoni haisaidii. Fielder inakalika chini karibu sawa na Axio, na bibi mwenye magoti mabovu atahangaika kote kuwili. Kwa ajili yake tazama gari lililoinuka kama Spacio, au Raum yenye milango ya nyuma ya kusukuma pembeni, hata kama halikuwa kwenye orodha yako.

Hatua ya 4: Ijue siti yenyewe

Bonyeza siti kwa ngumi, kwa uzito wa mwili, kisha achia. Sponji nzima inarudi mara moja. Iliyochoka inarudi polepole au unasikia fremu ya chuma chini yake. Siti ya dereva ibonyeze ukingo wa nje, ule anaousugua kila anapoingia. Ukingo huo ukiwa umebonyea, kiuno kitakaa kimeinama upande mmoja safari nzima, na maumivu ya mgongo utayatafutia sababu kwingine. Kava za siti zivue. Kava mpya kwenye gari la miaka 15 zinaweza kuwa usafi, zinaweza pia kuwa pazia.

Sponji iliyochoka inatibika: fundi wa siti anabadilisha kwa sponji ngumu, na gari linakuwa jipya kwa aliyekaa. Mwambie asizidishe unene, maana kila sentimita anayoongeza chini anaipunguza kichwani. Siti fupi au iliyowekwa chini mno haitibiki kirahisi, hivyo iache yadini.

Mgongo wa siti ya nyuma ujaribu kama unalala. Kwenye Premio na Allion nyingi, na kwenye Legacy wagoni za kuanzia 2009, unaweza kuulaza nyuzi chache nyuma. Ni kitu kidogo kwenye karatasi. Kwa mama mjamzito, au mzee anayetoka hospitali, ni tofauti kati ya safari na mateso.

Hapa lazima nizungumzie Probox na Succeed, kwa sababu watu wanaziita wagoni na kuzinunua kwa ajili ya familia. Nyingi zilizoletwa ni za mizigo. Sheria ya Japani inataka gari la mizigo liwe na eneo la mzigo kubwa kuliko eneo la abiria, kwa hiyo siti ya nyuma ilisogezwa mbele, ikapunguzwa unene, mgongo wake ukafanywa mfupi na wima. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa kwenda Iringa kupitia Mtera. Lakini zipo pia zilizotengenezwa kama gari la abiria, na hizo zina siti ya nyuma ya heshima yenye viegemeo vya vichwa. Kuzitofautisha, soma bamba la namba ya modeli kwenye chumba cha injini: kwenye toleo la kwanza lililoanza 2002, NCP50V na NCP51V ni za mizigo, NCP58G ni ya abiria. Herufi hiyo ya mwisho ina uzito kuliko maneno yote ya dalali.

Hatua ya 5: Nenda saa nane mchana

Gari la kununuliwa Dodoma litazamwe wakati jua limesimama, likiwa limeegeshwa juani. Kwenye sedani kioo cha nyuma kimelala juu ya vichwa vya abiria, na jua likiwa nyuma yenu linawapiga kisogoni. Kwenye wagoni paa linawafunika, ila vioo ni vingi zaidi na hewa ya kupooza ni nyingi zaidi, kwani buti na chumba ni kitu kimoja. Washa kiyoyozi, kaa nyuma, subiri hadi usikie ubaridi usoni. Usiridhike na mkono ulioweka kwenye dashibodi. Sedani kubwa kama Crown zina matundu ya hewa kwa abiria wa nyuma. Ndogo nyingi hazina, ziwe sedani au wagoni.

Siti za ngozi nyeusi zinavutia kwenye picha. Kwa jua letu, kwa mtoto aliyevaa kaptula, mimi nachagua kitambaa.

Hatua ya 6: Pima buti kwa mzigo wako

Vipeperushi hutaja ukubwa wa buti kwa lita. Kipimo kinachotumika sana hujaza buti kwa vipande vya milimita 200 kwa 100 kwa 50, kila kipande kikihesabiwa lita moja, hivyo ni kipimo cha nafasi inayopakika. Tatizo ni kwamba kwa wagoni namba inaweza kuishia kwenye pazia la kufunika mzigo, au ikapanda hadi darini, au ikahesabiwa siti zikiwa zimekunjwa. Usilinganishe namba mbili mpaka ujue zimepimwa hadi wapi.

Afadhali tepu ya fundi na tranka. Tranka la mwanafunzi wa bweni ndilo mtihani bora ninaoujua wa buti la sedani. Buti la Premio ni refu na lenye kina, tranka lingelala humo bila shida, ila mdomo wake ndio mdogo. Pima urefu na kimo cha mdomo, si cha ndani. Angalia pia mikono ya mfuniko: kwenye sedani nyingi inashuka ndani ya buti na kubonyeza mizigo unapofunga. Begi linaloingia vizuri mfuniko ukiwa wazi linaweza kukataa mfuniko ukishuka.

Kwenye wagoni mdomo ni mpana na sakafu iko karibu na usawa wa bampa, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ya mafuta ya alizeti, yenye karibu kilo 18, unaitelezesha ndani badala ya kuinyanyua juu ya ukingo na kuishusha shimoni. Kwa mwenye mgongo mbovu, sababu hiyo peke yake inatosha. Siti zikikunjwa, pima hadi mgongo wa siti za mbele. Godoro la futi 6 ni sentimita 183. Sedani nyingine mgongo wa nyuma haukunjiki kabisa, nyingine unakunjika na kuacha dirisha dogo. Fungua uone.

Gari likiwa limetumika Dar es Salaam, chungulia kama limefungwa mfumo wa gesi asilia. Mtungi ukikaa kwenye buti la sedani, umenunua gari la kubebea mtungi.

Sasa jambo ambalo wenye wagoni wanapaswa kulichukua kwa uzito. Buti la sedani lina ukuta: mgongo wa siti na chuma nyuma yake. Kwenye wagoni, mzigo uliopita juu ya usawa wa siti hauna kinachouzuia isipokuwa vichwa vya watoto wako. Ng'ombe akivuka barabara ukakanyaga breki, ile ndoo ya mafuta haitakanyaga. Vizito viwe chini, vimesukumwa mpaka vimegusa mgongo wa siti. Juu ya usawa huo weka nguo tu, au funga wavu na kamba kwenye ndoano za sakafuni. Kama ndoano zimeng'olewa, mdai muuzaji. Na kukunja nusu ya siti, mtu mmoja akakaa pembeni ya magunia, usikubali.

Nafasi siyo uwezo. Kwa taratibu za Japani uzito wa jumla wa gari la abiria huhesabiwa kwa kilo 55 kwa kila mtu, yaani kilo 275 kwa watu watano. Watu wazima watano wa kilo 75 wana kilo 375 kabla hujaweka hata begi. Fielder iliyojaa watu na ikajazwa mahindi hadi darini imeonewa, na utaiona: nyuma imekaa chini, taa zinamulika juu, na kila tuta linakwangua.

Hatua ya 7: Vumbi na harufu

Kwa mtu wa Dodoma hatua hii ina uzito kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam. Gari lenye nyuma iliyosimama likienda kasi linaacha mvuto nyuma yake: hewa inazunguka na kurudi kwenye mlango wa nyuma, na kwenye barabara ya vumbi inarudi na vumbi. Mpira wa mlango ukiwa umechoka, vumbi linaingia moja kwa moja kwenye chumba cha abiria. Sedani nayo inaingiza vumbi, ila linaishia butini.

Mtihani wake ni rahisi. Weka kipande cha karatasi kwenye mpira, funga mlango, kivute. Kikitoka bila kubishana, hapo hapashiki. Rudia kuzunguka mlango mzima, hasa chini. Inua zulia la buti uone kama kuna unga mwekundu kuzunguka tairi la akiba. Kazi ya kuosha gari la kuuza mara nyingi huishia juu ya zulia. Mpira unabadilishwa, kwa hiyo si lazima ukatae gari, ila punguza bei.

Ukishalinunua, kwenye rafu rodi funga vioo vyote na uweke kiyoyozi kwenye hewa ya kutoka nje, feni ikiwa juu kiasi. Hewa inayoingia kwa nguvu kupitia chujio inalijaza gari na kulizuia vumbi kupenya nyuma. Ukiwa nyuma ya lori, geuza kwa muda hewa izunguke ndani. Kioo kimoja cha pembeni kikiachwa wazi, juhudi yote imepotea.

Harufu ni fupi kuieleza. Kuku wa kienyeji, dagaa, ndoo ya asali iliyovuja: kwenye wagoni mnasafiri nayo. Kama mzigo mchafu ndio wa kila wiki kwenye karatasi yako, sedani ina heri, au tandika turubai zito na ukubali kuosha.

Hatua ya 8: Mwache mwingine aendeshe

Mpe mwenzako usukani, wewe kaa nyuma, upande wa kushoto. Tokeni mjini kuelekea Ihumwa na Mtumba kwa lami, mpite kwenye matuta na rasta, kisha mtafute barabara ya mtaani isiyo na lami. Nkuhungu au Ntyuka haikosekani. Jaribu kuongea na aliye mbele bila kupaza sauti. Wagoni huwa na mngurumo wa tairi na kokoto unaotoka nyuma kwa sababu hakuna ukuta kati yako na sakafu ya buti. Baadhi zimetulia, baadhi zinachosha masikio, na huwezi kujua bila kupanda.

Gari la kubeba mizigo lina springi ngumu: likiwa tupu linarusha, likiwa na mzigo linatulia. Hivyo lijaribu likiwa na watu wanne, siyo wewe na dalali. Ukisikia mgongo unapigwa kwenye tuta dogo, angalia kwanza upepo wa tairi na shokapu kabla ya kulaumu siti.

Ukiagiza moja kwa moja kutoka Japani

Huwezi kukaa nyuma ya gari lililoko Yokohama, lakini unaweza kukaa kwenye gari la mwaka na modeli hiyo hiyo hapa mjini. Mwombe jirani, mwenzako wa ofisini, hata dereva wa teksi umlipe muda wake. Fanya hatua ya tatu na ya nne humo kabla ya kutuma hela.

Kwa muuzaji omba picha ambazo tovuti huwa haziweki: siti ya dereva kutoka upande wa mlango ili ukingo uonekane, siti ya nyuma mlango ukiwa wazi na siti ya mbele ikiwa imerudishwa nyuma kabisa, sakafu ya nyuma katikati, mpira wa mlango wa nyuma kwa karibu, buti zulia likiwa limeinuliwa, na bamba la namba ya modeli. Kwa wagoni ongeza pazia la kufunika mzigo na ndoano za sakafuni, kwa sababu vikikosekana kuvipata hapa ni kuzunguka maduka ya vipuri vilivyotumika. Mwombe pia aweke tepu kwenye picha mbili: mdomo wa buti, na umbali wa siti ya nyuma hadi siti ya mbele. Akishazituma, chukua tranka na vipimo vya godoro lako, uvilinganishe na tepu hiyo kabla hujaenda benki.